Baraza la Katikati na Maji ya Buluu ya Mto Lugoye

Kabla hamjaanza kucheka, mjue kwamba mimi ni mtumishi wa serikali na nimekula kiapo. Haya ninayoyasimulia niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe katika kumbukumbu za Baraza la Taifa la Usuluhishi wa Migogoro ya Mazingira, Kanda ya Vijijini, ambako mimi Sospeta ni karani daraja la tatu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Jina la nchi yetu sitalitaja. Msidhani naogopa. Jina lenyewe limo kwenye usuluhishi tangu tupate uhuru, upande mmoja unataka hili na upande wa pili unataka lile, na mpaka uamuzi utoke tumekatazwa kulitamka. Kwenye bahasha tunaandika "Nchi" tu, na barua zinafika.

Zamani watu wetu wakigombania mto au msitu walikwenda mahakamani. Kesi zilichukua miaka mingi mpaka msitu unakwisha, na hapo hakimu anaifuta kesi kwa kukosa msitu. Serikali ikaona hapana, hiyo ni kuwatesa wananchi. Ikaunda Baraza letu, ambalo lina hatua mbili. Ya kwanza ni usuluhishi, yaani pande zote mbili zinaulizwa zinataka nini. Ikishindikana inafuata ya pili, uamuzi, na hapo haziulizwi tena. Ni utaratibu mzuri sana na nchi jirani wamewahi kuja kuutazama, wakakaa siku tatu, wakala vizuri, wakarudi kwao wakiwa kimya.

Msuluhishi Mkuu wa Kanda yetu ni Mheshimiwa Onesfori, mtu mnene mpole, daktari wa heshima, ambaye tangu ateuliwe hajawahi kumkosea mtu yeyote zaidi ya nusu. Kanuni yake ni moja: Katikati. Popote palipo na ugomvi yeye huitafuta katikati, na akiipata huikalia. Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kuchukua futi ya fundi seremala na kuupima ukumbi kutoka ukuta hadi ukuta, kisha naweka kiti chake katikati kabisa. Siku moja kiti kilisogea kwa upana wa vidole viwili upande wa mlalamikaji na kikao kizima kikaahirishwa kwa kosa la upendeleo.

Mnataka mfano wa hekima yake? Vijiji viwili viligombania msitu. Kimoja kilitaka ukatwe, kingine kilitaka uachwe. Mheshimiwa akaamuru kila mti ukatwe kiunoni. Vijiji vyote viwili viliondoka bila kusema neno, hali ambayo kwenye ripoti tuliiita amani. Bwana mwingine alilalamikia kelele za mashine ya kusaga ya jirani yake. Akaamriwa azibe sikio moja. Mpaka leo hajarudi kulalamika, au amerudi na sisi hatujamsikia.

*

Sasa, siku aliyokuja Bi. Nyanzobe nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kupima ukumbi. Aliingia mwanamke mkavu, mrefu, wa miaka kama hamsini na mitano, kanga imefungwa kiunoni kikazi, na kwapani amebana bata. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akamweka bata mezani juu ya muhuri wangu.

"Karani, huyu bata ana rangi gani?"

Nikamtazama bata. Alikuwa buluu. Si buluu ya mashaka mashaka, jamani. Buluu ya sare ya shule, kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole.

"Mama," nikasema, "mimi ni karani daraja la tatu. Kutaja rangi ni mamlaka ya daraja la pili kwenda juu."

"Loo! Basi niitie mwenye macho."

Akakaa kwenye benchi akanieleza shida yake. Kijiji chao kiko bondeni, Mto Lugoye unapita katikati ya majaruba yao ya mpunga. Juu ya kijiji, mwendo wa robo saa, kipo kiwanda cha rangi za vitambaa. Tangu mwezi uliopita kiwanda kimekuwa kikimwaga maji yake mtoni na mto umekuwa buluu. Bata wamekuwa buluu. Hata ndoo ukiianika inakauka buluu. Lakini hilo la bata, alisema, halikumleta barazani. Kilichomleta ni kitalu.

"Nimesia mpunga kitaluni. Naunywesha maji ya mvua niliyokinga kwenye pipa, lakini pipa haliwezi kujaza majaruba, lazima yajazwe na mto. Nikajaribu mstari mmoja kwa maji ya mto. Siku mbili tu, ukawa manjano, ukalala. Sasa sikiliza, mwanangu. Miche yangu leo ina siku kumi na nne. Ikifika thelathini inakomaa vibaya, hata ukiipandikiza haikupi kitu. Nina siku kumi na sita za kupata maji safi. Zikipita, mwaka huu mimi na wajukuu zangu wanne hatuli."

Niliandika yote. Fomu Namba Kumi na Mbili ina nafasi ya mlalamikaji, nafasi ya mlalamikiwa, na chini yake nafasi imeandikwa "Mto (kama upo)". Kwa mujibu wa sheria, mto unaogombaniwa nao huitwa shaurini, usije ukasema baadaye kwamba haukusikilizwa. Nikaenda ukingoni mwa Lugoye na wito wangu, nikauita mara tatu kwa sauti ya kiofisi. Haukuitika. Nikaandika kwamba umeitwa, umekaidi, na kwa hiyo hauna pingamizi.

*

Kikao cha usuluhishi kilifanyika siku hiyohiyo, maana Baraza letu lina haraka sana mwanzoni. Upande wa kiwanda alikuja Meneja Evodi, kijana wa makamo mwenye suti nyeupe pe na viatu vyeupe, kwa sababu mtu wa rangi, alituambia, lazima aonyeshe kwamba rangi haimgusi.

Kanuni ya Saba inasema kwamba wenye ugomvi wakumbatiane kwa dakika tano kabla ya kuanza, ili nyoyo zao zipoe. Nikashika saa. Bi. Nyanzobe alikuwa ametoka kufua mtoni asubuhi hiyo na mikono yake ilikuwa haijakauka vizuri. Dakika tano zilipokwisha, mgongoni mwa suti ya Meneja palikuwa na viganja viwili vya buluu, vidole vyote kumi unavihesabu.

"Hiyo nini mgongoni kwake?" akauliza Mheshimiwa Onesfori.

"Maji ya mto wangu, Mheshimiwa," akasema Bi. Nyanzobe.

"Mimi sioni kitu," akasema Meneja, na ni kweli, mtu hajioni mgongo.

Mheshimiwa akafikiri. Akaniagiza niandike: alama za upendo.

Kisha akauliza swali la msingi. Maji ya Lugoye yana rangi gani? Bi. Nyanzobe akasema ni buluu. Meneja akasema hayana rangi. Mheshimiwa akafumba macho, akanyoosha mikono yake miwili kama mtu anayebeba mizani, akaamua kwamba maji yana ubuluu wa wastani. Meneja akashukuru. Bi. Nyanzobe akauliza kama mpunga wake nao uote kwa wastani, lakini swali lilikuwa nje ya utaratibu.

Hapo Meneja akasimama na kutoa hotuba ambayo niliipenda, sifichi. "Mheshimiwa, Waheshimiwa wengine ambao hawapo, ndugu wananchi! Kiwanda chetu kinatia rangi kitambaa cha nini? Cha bendera! Sherehe za Taifa ziko karibu, na bendera zote za nchi hii, kutoka Ikulu mpaka kwenye baiskeli za wagambo, zinatoka kwetu. Na bendera yetu ina rangi gani? Buluu! Sasa mama huyu anaamka asubuhi, anakuta buluu ya taifa imemfuata mpaka mlangoni kwake, bila kuiomba, bila kupanga foleni, badala ya kusimama wima akaimba, yeye analalamika! Mimi nauliza, mama, una ugomvi na mto, au una ugomvi na bendera?"

Nilipiga makofi, kisha nikakumbuka kwamba mimi ni katikati, nikapiga kofi moja tu la mwisho bila sauti.

"Mwanangu," Bi. Nyanzobe akamjibu taratibu, "bendera naipenda. Lakini sijawahi kuila."

Usuluhishi ukawa umeshindikana. Kwa utaratibu, kabla ya kwenda kwenye uamuzi, aliitwa Mtaalamu wa Wizara apime maji. Mtaalamu alifika baada ya siku tano, akachota chupa moja, akaitazama kwenye jua, akashtuka, akaificha mkobani upesi. Akasema majibu hutoka baada ya siku tisini.

"Siku tisini!" Bi. Nyanzobe akasimama. "Mimi zimebaki kumi na moja!"

"Tulieni," akasema Mheshimiwa Onesfori. "Ndiyo maana Baraza lipo." Akaomba karatasi, akajumlisha, akagawa kwa mbili. "Majibu yatatoka baada ya siku hamsini na nusu. Kila upande umeshinda."

Sijui niseme nini kuhusu uso wa yule mama. Alikaa chini polepole, akashika kichwa kwa mikono yote miwili, na machozi yakamtoka bila sauti. Niliandika "mlalamikaji ameguswa". Nilikuwa naona haya, lakini fomu haina nafasi ya hilo.

*

Uamuzi ulisomwa siku nne zikiwa zimebaki. Ukumbi ulijaa. Kijiji kizima cha Bi. Nyanzobe kilikuja kwa miguu, na Meneja alikuja na suti nyingine nyeupe na akasimama akiwa ameegemea ukuta muda wote. Mheshimiwa Onesfori alikuwa hajalala vizuri, maana uamuzi huu, alituambia, ulikuwa mgumu kuliko ule wa miti. Alijaribu kwanza kuugawa mto kwa urefu: apige kamba kutoka juu hadi chini, upande wa kushoto uwe mchafu na wa kulia uwe safi. Mimi na yeye tulikwenda kupiga kamba. Maji yaliingilia upande usio wao mbele ya macho yetu, kwa dharau kabisa. Akajaribu kuugawa kwa siku: Jumatatu safi, Jumanne buluu. Meneja akasema mashine zake hazijui Jumatatu.

Basi akasoma hivi, na mimi ndiye niliyepiga chapa, kwa hiyo nayakumbuka maneno yote:

"Baraza, likiwa limekaa katikati, linaamua kwamba Mto Lugoye ni wa wote. Kwa kuwa upande mmoja umekuwa ukiuchafua na upande mwingine haujawahi kupata nafasi hiyo, hali hiyo ni kukosekana kwa usawa, na Baraza haliwezi kuivumilia. Kuanzia leo pande zote mbili zina haki sawa ya kuutumia na kuuchafua mto huo, kila upande kwa kadiri ya kazi zake, wakati wowote na mahali popote, amri yoyote ya zamani isizuie. Uamuzi huu ni wa mwisho na hauna rufaa."

Wanakijiji wakaguna kwa pamoja. Mzee mmoja akauliza kama yule anayesoma ana akili timamu, akatolewa nje nusu. Meneja Evodi alikuwa anatabasamu mpaka masikioni, anapeana mikono na kila mtu, hata na mimi. Nilimtafuta Bi. Nyanzobe nikidhani nitamkuta analia tena. Hakuwa analia. Alikuwa ametulia, midomo inacheza kama mtu anayehesabu mistari ya miche.

"Karani," akaniita. "Hebu nisomee tena hapo pa 'mahali popote'."

Nikamsomea. Akaniomba nisome na ile ya amri ya zamani. Nikasoma. Akaniambia ahsante, Mungu akubariki, akafunga kanga vizuri, akawaambia wenzake twendeni nyumbani, kuna kazi.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja, msije mkanilaumu. Juu ya kiwanda, kabla mto haujafika kwenye bomba lake la kuvuta maji, lipo bonde pana lenye rutuba kuliko lote wilayani. Hilo ndilo lilikuwa bonde la kina Bi. Nyanzobe tangu mababu. Kiwanda kilipojengwa, ilitoka amri kwamba wakulima wahamie chini, kwa sababu walikuwa wanautia mto tope, na kitambaa cha bendera kinataka maji meupe. Bonde likabaki tupu miaka minane, linaota magugu, na kibao cha onyo. Amri ile ilikuwa ya zamani. Sasa Baraza letu lilikuwa limeifuta, na hakuna mtu ofisini aliyekuwa na habari.

*

Asubuhi iliyofuata kijiji kizima kilipanda. Walipita mbele ya lango la kiwanda na majembe, masufuria, jozi saba za ng'ombe, bata wote wa buluu kwa mstari, na Bi. Nyanzobe mbele, mkononi ana nakala ya uamuzi wetu imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mlinzi akataka kuwazuia. Akaonyeshwa muhuri. Alikuwa hajui kusoma lakini muhuri aliujua, akapiga saluti.

Sasa, kama hujawahi kulima mpunga, ngoja nikwambie. Huwezi kupandikiza mche kwenye ardhi ngumu. Kwanza unarekebisha kingo za majaruba, unafungulia maji yaingie, kisha unaingiza ng'ombe na watu, mnakwenda na kurudi, mnakanyaga, mnakokota jembe, mpaka udongo na maji vinakuwa uji mmoja. Hiyo ndiyo kuvuruga. Ni kazi ya halali, ya kila mwaka, haina ubaya wowote. Walivuruga siku mbili, wanawake, wanaume na ng'ombe, huku wakiimba, na uji ule ukawa unamwagikia mtoni na mto ukaupeleka chini kwa adabu zote, mpaka kwenye bomba la kiwanda.

Siku moja ikiwa imebaki, saa nne asubuhi, mlango wa Baraza ulifunguliwa kwa teke. Alikuwa Meneja Evodi. Suti ilikuwa bado nyeupe, lakini usoni alikuwa na rangi zote ambazo kiwanda chake kinatengeneza. Akatupa kitambaa mezani kwangu.

"Karani! Hii ni rangi gani?"

Ilikuwa bendera ya Taifa, iliyotoka mashineni asubuhi hiyo. Ilikuwa na rangi ya uji wa ulezi.

"Bwana Meneja," nikamwambia, "mimi ni karani daraja la..."

"Nyamaza! Elfu tatu ziko hivi! Sherehe ni keshokutwa! Nataka maji safi leo!"

Nikampa Fomu Namba Kumi na Mbili. Nikatoka kwenda kuuita mto mara tatu.

Kikao kikaitishwa hapohapo. Bi. Nyanzobe alifika na matope mpaka magotini. Kanuni ya Saba ikatekelezwa, dakika tano, na suti ile sitaizungumzia tena. Mheshimiwa Onesfori akauliza swali la msingi: maji ya Lugoye yana rangi gani?

"Kahawia!" akapiga kelele Meneja. "Matope matupu!"

"Mimi nayaona safi, Mheshimiwa," akasema Bi. Nyanzobe kwa upole. "Na hata kama yana udongo kidogo, ni udongo wa nchi hii. Anayeulalamikia udongo wa taifa ana ugomvi na mto, au ana ugomvi na nchi?"

Mheshimiwa akafumba macho, akanyoosha mikono. "Ukahawia wa wastani," akasema. "Aitwe Mtaalamu. Majibu baada ya siku tisini, au kama kawaida tutafute..."

"Sina siku tisini!" Meneja alikuwa karibu kulia, na kusema kweli alilia. "Nina siku mbili! Zikipita mimi sina kazi, nina watoto, jamani, nyie hamna huruma?"

Bi. Nyanzobe akamtazama. Nilidhani atacheka, lakini hakucheka. "Pole, baba," akamwambia. "Najua inavyouma."

Hapo simu ikalia. Simu yetu hulia mara moja kwa mwaka, kwa hiyo sote tulisimama. Alikuwa Waziri. Nilimpa Mheshimiwa mkono wa simu, na kutoka pale nilipokuwa, hatua tatu, niliisikia sauti ya Waziri vizuri sana kwa sababu haikuhitaji simu. Aliuliza kama ni kweli kwamba Mkuu wa Nchi atasimama Jumamosi mbele ya dunia chini ya bendera ya uji. Mheshimiwa akaanza kusema kwamba kwa upande mmoja ni uji, lakini kwa upande mwingine... Hakumaliza. Akakata simu, au ilikatwa. Jasho lilikuwa linamtiririka pande zote mbili, sawasawa.

"Baraza linaamuru," akasema, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa nikamwona ametoka kwenye kiti chake na kusimama upande mmoja, "mto uwe safi. Leo. Askari waende bondeni waung'oe mpunga wote."

Bi. Nyanzobe hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mng'oe, Mheshimiwa. Lakini mnang'oa nini? Bado hatujapandikiza. Kule sasa hivi ni tope tupu lililovurugwa. Mkiingiza askari na mabuti yao mtavuruga zaidi, na Jumamosi bendera zitakuwa nyeusi. Tope la mpunga linataka kitu kimoja tu. Tupandikize, tufunge kingo, tutoke, asiingie mtu. Kufika kesho asubuhi litakuwa limetulia chini na maji yatashuka meupe kama ya kunywa. Ila tuko wachache na miche ni mingi. Peke yetu tutamaliza keshokutwa."

Mheshimiwa akamtazama Meneja, Meneja akamtazama Mheshimiwa, wote wawili wakaitazama saa ya ukutani. Halafu nikaona jambo ambalo sikutegemea kuliona kwenye utumishi wangu: Msuluhishi Mkuu anakunja suruali.

Tulikwenda wote. Wafanyakazi wa kiwanda, mia na themanini, walifungiwa mashine wakaletwa bondeni. Askari walivua mabuti. Bi. Nyanzobe akatupanga kwa mistari, akatuonyesha mara moja tu namna ya kushika miche mitatu kwa vidole na kuisukuma topeni, kisha akawa anapita nyuma yetu. "Meneja, unapanda kichwa chini, huo ni mzizi! Mheshimiwa, inama, mpunga hausimikwi kama mlingoti!" Mheshimiwa Onesfori alikuwa anahema kama mashine ya kusaga, lakini aliinama. Bata walipita katikati yetu wakituchungulia. Saa kumi na moja jioni mche wa mwisho uliingia ardhini, na yule mama akasimama kwenye ukingo, mikono kiunoni, akautazama mpunga wake wote umesimama wima, kijani kibichi mpaka mwisho wa bonde. Alicheka peke yake kama msichana. Nami nilifurahi, jamani, nilifurahi kweli, ingawa mgongo ulikuwa haunyooki.

Palepale Mheshimiwa akatoa amri mpya: kuanzia sasa, kwa ajili ya heshima ya bendera, mtu yeyote asiguse mche hata mmoja bondeni humo mpaka siku ya mavuno, na askari wanne wautunze. Maji ya Lugoye yawe safi kuanzia chanzo hadi kwenye bomba la kiwanda.

Nikatoa Fomu Namba Ishirini, ya kufunga shauri. Inataka saini moja tu, ya aliyeridhika. Nikampa kalamu Bi. Nyanzobe. Akafuta vidole, akaisogeza karatasi, kisha akasita.

"Na chini ya bomba?" akauliza. "Kule kijijini, na vijiji vingine vinavyofuata? Huko maji yatakuwaje?"

Mheshimiwa akawa anajipangusa tope. "Mama, huko bendera haipiti."

Akanirudishia kalamu. "Basi tafuteni mwingine wa kuridhika," akasema. "Mimi mpunga nimepata, na siibi sahihi ya wenzangu."

Shauri haliwezi kulala wazi, ni kosa la nidhamu. Nikamtafuta Meneja, alikuwa ameshakimbilia bendera zake. Nikamtazama Mheshimiwa, akasema yeye yuko katikati. Basi nikasaini mimi, Sospeta, karani daraja la tatu, kwenye mstari wa aliyeridhika, nikagonga muhuri, nikashika njia ya nyumbani.

Nyumbani kwangu ni Kitongoji cha Mtoni, mwendo wa nusu saa chini ya kiwanda. Mke wangu Leokadia alikuwa kibarazani amepika chai na mihogo. Akaniuliza kikao kimekwendaje. Nikamwambia kimekwisha vizuri sana, Bi. Nyanzobe amepata bonde, taifa limepata bendera, wote wameridhika.

"Na sisi?" akauliza, huku ananimiminia. Chai ilikuwa buluu, kama ilivyokuwa mwezi mzima.

"Sisi hatujalalamika," nikamweleza. "Tena kwenye faili sisi ndio tulioridhika. Nimetusainia."

Leokadia akaliweka birika chini. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye miguu yangu ya matope, akaninyang'anya sahani ya mihogo, akaingia nayo ndani.

"Basi nenda kalale kwao," akasema, "kwa hao walioridhika."

Akafunga mlango. Nikabaki nje na kikombe changu.